Antena Iliyokwama Ikitazama Fiji

6 Januari

Masika yameingia leo asubuhi bila hodi, kama yanavyoingia kila mwaka huku kwetu Tully. Renzo, mume wangu, amekaa kibarazani na chai yake, ameridhika kabisa. Mkulima wa miwa mvua ikinyesha ana ruhusa ya kukaa.

Mimi sina raha, na ndiyo maana nimeamua kuandika masika haya siku kwa siku. Mwezi ujao watu kumi watapanda meli Cape Town wateremke hadi Bouvet, kisiwa cha barafu kisicho na mtu wala mti, wapige hema, wafunge redio, wazungumze na dunia kwa siku chache, kisha waondoke. Sisi watu wa redio tuna orodha ya nchi na visiwa vyote ambavyo mtu anaweza kuzungumza navyo akiwa nyumbani kwake. Niliianza orodha hiyo kabla sijaolewa. Nimeimaliza yote, imebaki Bouvet. Mara ya mwisho watu walipotia mguu pale nilikuwa nimelazwa Cairns natolewa jiwe la nyongo. Mara nyingine watakapokwenda, huenda nikawa udongoni.

Halafu kuna Nev Oxenham, ng'ambo ya kijito. Naye imembakia Bouvet. Chama chetu cha redio kina kiatu cha mvua kilichopakwa rangi ya dhahabu, mguu mmoja tu, kinachomngoja wa kwanza kumaliza orodha. Nev ameshapigilia msumari ukutani kwake wa kukitundika. Naandika hili bila chuki. Basi, na chuki kidogo.

7 Januari

Mvua.

8 Januari

Mvua. Nimeoka vikate vya boga. Maganda nimewatupia kasuku weupe wanaokaa juu ya antena yangu. Renzo anasema nafuga majambazi. Wana kelele, ndiyo, lakini wana kishungi kizuri cha manjano na wananijua sauti.

10 Januari

Antena haigeuki.

Iko juu ya mlingoti, na chini yake kuna mota inayoigeuza upande ninaoutaka, kwa sababu antena ya namna hii husikia mbele tu, kama mtu aliyekinga kiganja sikioni. Mezani nina kijisanduku chenye sindano ya kunionyesha imetazama wapi. Leo sindano ilitetemeka, ikaruka hadi Amerika, ikarudi, ikalala. Nikatoka na mwavuli kutazama. Antena imeelekea mashariki, Fiji ng'ambo ya bahari, haina habari na mtu.

Bouvet iko kusini.

Mlingoti wetu una bawaba chini, hulazwa kwa winchi ya mkono, kama milingoti yote ya huku, maana kimbunga hakimngoji fundi. Renzo alizungusha winchi, mimi nikashika kamba.

"Mama, kitanda chako kimezidi uzito," alisema. Antena kwake ni kitanda cha chuma, na mimi tangu tupate watoto ni Mama.

"Zungusha, mzee. Acha maneno."

Mahali ambapo nyaya za mota zinakutana na kebo inayotoka nyumbani nilikuwa nimeweka kijisanduku cha plastiki, nyaya sita zimekazwa kwa skrubu. Nilipofungua, siafu wa kijani walimwagika hadi kwenye kiwiko, na mjusi mmoja akanitazama kama mwenye nyumba aliyeingiliwa. Skrubu zote zimeota kutu ya kijani.

11 Januari

Nev amekuja kula vikate. Amefika na koti lake la mvua la enzi za kazi. Alipanda nguzo za simu miaka arobaini, na hujamjua dakika kumi kabla hajakwambia.

"Kijisanduku, Ilma? Hiyo ni hoteli. Umewawekea na vitanda?"

"Nitatafuta plagi isiyoingiza maji."

"Hakuna plagi isiyoingiza maji."

"Wewe huijui tu."

"Maji hayazuiliwi, mama. Yanaonyeshwa mlango. Nilikuwa nawaambia vijana kazini kila siku."

Akala kikate cha nne. Najua mpango wake. Anataka nikae nikibishana na maji mpaka Bouvet ipite.

12 Januari

Nimezungumza na Fiji. Ningezungumza na nani mwingine? Sakiusa wa Lautoka, dereva wa lori la miwa aliyestaafu, anasikika kama yuko jikoni kwangu. Amenieleza mchezo wa raga wa Jumamosi, kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

14 Januari

Nimefunga plagi ya trela, ile ya matundu saba ambayo kila gari la huku linayo nyuma. Inavumilia matope na vumbi, na Renzo anayo dazeni bandani. Nilifikiri, kama inafaa kwa trela la mashua itafaa kwa mota yangu. Mlingoti umesimama. Antena imezunguka dunia nzima mara mbili huku nikipiga makofi peke yangu.

15 Januari

Mvua. Inazunguka.

16 Januari

Mvua. Inazunguka. Nimempigia Nev kumwambia.

19 Januari

Haizunguki. Imesimama Fiji. Sijui Fiji kuna nini.

"Ilma!" alisema Sakiusa. "Umenitazama tena? Mume wako hajambo?"

"Plagi ya trela imekufa, Saki."

"Trela linatembea, dada. Likitembea linakauka. Yako imetundikwa mvuani kama samaki."

Mtu wa raga, lakini hapo alisema kweli.

21 Januari

Leo nimekwenda Innisfail kwenye duka la vipuri vya malori na nimesimama kaunta mpaka muuzaji akaniletea kiti. Nimeshika aina tatu. Ya kwanza ya mashua, shaba nyeupe, kofia ya kuzungusha, nzuri mno, lakini matundu manne tu. Ya pili ya plastiki nyembamba, inabana kwa ulimi mmoja ambao niliuvunja pale pale kwa kidole gumba, nikaomba radhi. Ya tatu ni ya lori: kila waya unapita kwenye shimo lake la mpira, nusu mbili zinakutana na pete ya mpira katikati, halafu kitasa kinalia kwa sauti inayomtuliza mtu. Niliifunga na kuifungua mara nyingi. Muuzaji akasema nyaya zangu nyembamba kidogo kwa mashimo yale ya mpira. Nikamwambia nitajazia.

Nimejazia. Nimeipaka gundi ya silikoni mpaka haina sura, nikazungushia utepe wa mpira juu, tabaka juu ya tabaka. Ukiitazama utadhani mkono uliovunjika.

22 Januari

Nev kwenye simu.

"Hiyo gundi, inanuka nini?"

"Inanuka gundi."

"Inusie vizuri. Inanuka siki?"

Nikaenda nikanusa. Inanuka siki.

"Ikinuka siki inakula shaba. Baada ya mwezi nyaya zako zitakuwa unga. Ndiyo kosa la kila mtu wa redio, wanaipenda gundi ya bafuni kuliko wake zao."

Kwanza nilidhani ananitisha. Kisha nikalikumbuka bomba la jikoni na kilichoipata pete yake ya shaba. Tumelaza mlingoti, nimekwangua gundi yote kwa kisu cha samaki, nimesafisha, nimefunga tena kwa utepe peke yake, tabaka mara mbili ya kwanza. Tulipomaliza, Renzo aliutazama ule utepe. Hapo akauliza kama kitanda kingehitaji pia shuka.

Nimelazimika kumshukuru Nev. Neno lilitoka kwa shida.

27 Januari

Inazunguka. Imenyesha siku tano mfululizo, kijito kimepanda, na inazunguka. Nimeigeuza kusini, upande wa Bouvet, nikaiacha hapo usiku kucha kama mtu aliyewahi kiti mapema.

1 Februari

Inazunguka!

4 Februari

Nev amekuja kabla daraja halijafunikwa. Alisimama muda mrefu chini ya mlingoti akitazama juu. Nilimwona dirishani. Alipoingia ndani alisema, "Umeifunga kweli kweli. Maji yakiingia humo yatatokea wapi?"

"Hayataingia."

"Haya."

5 Februari

Fiji.

Naandika neno hilo na kalamu inataka kutoboa karatasi. Nilikuwa naizungusha kuijaribu, ikafia hapo: sindano imelala, mota kimya, antena inatazama mashariki kama ng'ombe. Meli ya Bouvet imeshatia nanga karibu na kisiwa.

Nimemwambia Renzo, "Nev alikuwa pale jana. Kwenye mlingoti. Peke yake."

Renzo aliweka kikombe chini. "Mama. Yule mtu ana goti la bandia na alishika kikate mkono mmoja na mwavuli mkono mwingine. Aliharibu kwa meno?"

"Sijui aliharibu kwa nini."

"Lala kidogo."

Sikulala. Ardhi imelowa kiasi kwamba mlingoti ukilazwa hatutaweza kuuinua, na upepo hauruhusu. Daraja limezama. Nimekaa na hasira zangu.

7 Februari

Mvua. Kasuku wameketi juu ya antena wakipiga kelele. Nimewatupia ganda la mkate. Walau wao wananipenda.

9 Februari

Wameshuka kisiwani. Hema limesimama, redio zimewashwa. Nimewasikia!

Nimewasikia kwa ubavu wa antena, sauti nyembamba kama nzi ndani ya chupa. Nimewaita asubuhi nzima. Na dunia nzima inawaita nao, Wajapani, Waitaliano, Wamarekani, wote kwa pamoja, na mimi nimewapa ubavu.

Nev alipiga simu saa sita. Yeye anawasikia vizuri, antena yake imewaelekea sawasawa, ila umati ni mkubwa na hawajamjibu. "Kesho nitawapata," alisema. "Nimeshaunyoosha ule msumari."

Nilikata simu bila kuaga.

10 Februari

Radi.

Ilipiga ng'ambo ya kijito mchana, karibu sana, vikombe vikagongana kabatini. Baadaye Nev akapiga simu ya mkononi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Imepita mlingotini ikaingia ndani. Redio imeungua. Mota imeungua. Hata birika la chai."

"Wewe je?"

"Nilikuwa chooni."

Nilifurahi. Naliandika kama lilivyokuwa: moyo wangu uliruka kwa furaha nikiwa bado na simu sikioni. Kisha nikamsikia anavuta pumzi, mzee wa miaka sabini na mmoja, peke yake nyumbani na harufu ya plastiki iliyoungua, na furaha ikaniishia mdomoni. Tangu mkewe afe, ile redio ndiyo inayomwamsha asubuhi.

"Pole, Nev," nilisema. Mara hii neno halikuwa na shida.

11 Februari

Mvua imekatika alfajiri na upepo umelala. Renzo alikuwa ameshavaa viatu kabla sijaomba. Alikuwa ametandika mbao na magunia ya mchanga chini ya bawaba ili mlingoti usizame matopeni. Alianza kazi hiyo gizani, na wala hakunieleza.

Tukaulaza. Nikakata utepe, tabaka baada ya tabaka. Nje plagi ilikuwa kavu. Kavu kabisa, hata vumbi la kiwandani bado liko kwenye plastiki. Nilianza kudhani mota ndiyo iliyokufa. Nikabonyeza kitasa.

Maji yalimwagika miguuni mwangu. Si tone. Kikombe. Maji ya kijani, yenye harufu ya shilingi za zamani.

"Nje kavu, ndani kisima," alisema Renzo.

Nilikaa kwenye gunia la mchanga. Plagi nzuri kuliko zote Innisfail, tabaka zote zile, na ndani imejaa kama chupa. Maji hayakupita nilipofunga mimi. Basi yalipita wapi? Nikaanza kufuata kebo kwa vidole kutoka kwenye plagi kwenda juu, kipande kile kifupi kinachofika kwenye mota. Karibu na mota vidole vikaingia shimoni. Ganda la kebo lilikuwa limetafunwa, kipande kikubwa, nyaya zinaonekana. Pembeni pengine. Na pengine. Alama za mdomo wa kasuku zilikuwa wazi kama sahihi.

Juu ya mti wa mfenesi wale weupe walikuwa wamekaa safu nzima, wakitazama, wakingoja maganda ya mkate.

"Usiseme," nilimwambia Renzo.

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Majambazi," alisema Renzo.

Kebo iliyotobolewa juu imekuwa bomba. Mvua imeingia pale, imeteremka ndani ya ganda mpaka kwenye plagi yangu, ikapenya kwenye yale mashimo ya mpira mapana kuliko nyaya, ikakuta kila mlango nimeufunga kwa mikono yangu. Kila tabaka nililoongeza lilikuwa la kuyazuia yasitoke.

Nikampigia Nev. Nilianza kwa kumwambia nilichomdhania tarehe tano. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa goti hili?"

"Renzo alisema hivyo hivyo."

"Kasuku, kumbe! Mimi kwangu nina paka. Hilo sikuliwaza kabisa. Lakini nilikwambia..."

"Nev, ukisema si nilikwambia, nakata simu."

Nilimsikia akilimeza neno lake. Kisha akaanza kunielekeza, polepole, kama mtu aliyesimama nyuma yangu. Kipande kipya cha kebo kutoka mota hadi plagi. Kipitishwe ndani ya mpira wa kumwagilia bustani ili kasuku wapate kitu cha kutafuna. Nyaya zivimbishwe kwa vijimirija vya plastiki vinavyosinyaa kwa moto ili mashimo ya mpira yazibane. Grisi kwenye kila pini. Plagi itundikwe mdomo chini. Kebo ishuke kwanza chini ya plagi, ifanye kitanzi, ndipo ipande, ili tone likifika kwenye tumbo la kitanzi lidondoke.

"Sasa chukua drili."

"Ya nini?"

"Toboa tundu kwenye kofia ya chini. Dogo tu. Mahali pa chini kabisa."

"Nitoboe plagi isiyoingiza maji?"

"Itoboe, Ilma."

Nilishika drili juu ya ile plagi kwa muda. Niliitafuta Innisfail nzima, niliipenda kwa sababu haina hata ufa, na sasa naambiwa niitoboe. Renzo aliishikilia kwa koleo. Nikatoboa. Tundu likawa dogo kama jicho la panzi, na tulipomwagia maji kwa juu kuijaribu yalitoka pale chini kwa adabu, tone moja moja, na pini zikabaki zinang'aa.

Mlingoti ulisimama saa kumi jioni. Sindano ikainuka kutoka Fiji, ikapita New Zealand, ikashuka kusini bila kutetemeka. Nililia. Renzo akasema ni grisi imeniingia machoni, nikamwachia aamini hivyo.

12 Februari

Nimewaita tangu alfajiri. Wanasikika wazi, sauti ya mwanamke wa Kinorwe iliyochoka, inajibu mmoja, inajibu mwingine. Si mimi. Mvua imerudi, inapiga bati. Antena imetulia ilipo.

Jioni wametangaza kwamba dhoruba inakuja kisiwani, nahodha anawataka warudi melini. Kesho mchana wanafunga. Siku tano kabla ya wakati.

Nilitaka kulala mapema lakini nikampigia Nev kumpa habari.

"Basi," alisema. "Mara nyingine nitakuwa na miaka themanini na kitu. Waite, Ilma. Wewe waite."

"Una ile mashua yako ya bati?"

"Ninayo."

"Injini inawaka?"

"Ilma, kijito kimefurika mpaka kwenye miwa."

"Ndiyo nakuuliza kuhusu mashua. Njoo asubuhi. Uje na jina lako la hewani, mengine yote yapo hapa."

13 Februari

Tulimsikia kabla ya kumwona, injini inakohoa katikati ya miwa ya Renzo. Akatokea amesimama wima kwenye mashua, koti la simu, kofia, birika jipya la chai limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Sijui kwa nini alileta birika.

"Umepita juu ya mashina yangu," Renzo alimwambia.

"Nimeyanywesha maji."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha kona akichuruzika. Akanitazama, akatazama redio.

"Mimi kwanza," nilisema.

"Sikusema kitu."

"Nyumba yangu, kasuku wangu, plagi yangu. Mimi kwanza."

"Kwani nimesema kitu?"

Nikaita. Nikaita. Saa mbili ikapita, na saa tatu. Mvua ilizidi, sikuweza kusikia birika likichemka nyuma yangu. Kila baada ya muda nilitupia jicho sindano. Ilikaa kusini kama imepigiliwa. Nev alikuwa ameegemea mbele, anawasikiliza jinsi wanavyojibu, wapi wanasikiliza, kama alivyosikiliza nyaya za simu miaka arobaini. Kisha akasema polepole:

"Panda juu kidogo kwenye masafa. Wanapanda kila wakijibu watu watatu. Wangoje pale watakapofika."

Nikasogeza. Nikangoja. Nikasema herufi zangu, jina langu la hewani, mara moja.

Na yule mwanamke wa Kinorwe, hemani kwake kwenye barafu, akazirudisha. Zote. Herufi zangu zote, kwa mpangilio, halafu tano na tisa, ambayo kwetu ni kusema nimekusikia vizuri sana.

Nikamrudishia tano na tisa. Nikamshukuru. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Nikaweka kipaza sauti mezani na nikapiga ukelele hata ndege wote wa mfenesi wakaruka. Mlango ukafunguka, Renzo yuko mlangoni, maji yanamtiririka kidevuni. Alikuwa amesimama chini ya dirisha mvuani, sijui tangu saa ngapi.

"Wamesema herufi zako," alisema. "Nimezisikia mwenyewe. Mama, wamezisema zote!" Na mzee huyu ambaye hajapata kuiita antena yangu kwa jina lake akanikumbatia na koti lake lililolowa.

Nilisimama. Nikamshika Nev bega, nikamkalisha kwenye kiti changu.

Alichukua robo saa tu, yule shetani. Alijua watakapofika. Alisema herufi zake kwa sauti ile ya kiofisi, wakamjibu, akasema asante bibi, safari njema, akavua kofia. Akaishika mapajani. Kisha akapangusa uso wote kwa ile kofia, na mimi nikasema ni grisi imemwingia machoni.

"Ndiyo," alisema Nev. "Grisi."

Saa sita na nusu wakafunga. Kusini kukabaki mvumo tu. Tulikula nyama ya makopo na viazi, na Nev akasema kiatu ni changu kwa haki, ila msumari wake ni mzuri kuliko wangu na naweza kuuazima. Nimekubali kuuazima.

14 Februari

Mvua. Inazunguka.

Leo Nev amebaki kwetu kwa sababu mashua imejaa maji. Ameamka mapema, amechemsha chai kwa birika lake, na nimemkuta mezani kwangu anageuza sindano huku na huku bila sababu yoyote, kusini, magharibi, kaskazini, anaiangalia tu inavyotii. Nimemwacha. Mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo jana usiku.

Baada ya chai nikachukua kiti changu. Orodha imekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana hakuna mahali ninapopatafuta. Nikafikiri niielekeze wapi, na mkono ukajua kabla yangu.

"Ilma!" Sakiusa alisikika kama yuko jikoni. "Aa, pole sana, dada. Imekwama tena?"

"Haijakwama, Saki," nilisema. "Leo nimekugeukia mwenyewe."